Mpaka Mpaka wa Shule

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta katikati ya hadithi.

Wiki iliyopita uliniacha ukumbini, msomaji wangu, kati ya watu mia nne na feni mbili, moja mbovu. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ameshika kipaza sauti mkono wa kushoto na Gazeti la Serikali mkono wa kulia, na alikuwa amerusha swali ambalo kila mwenye akili alilijibu kwa kutazama viatu vyake.

"Nani alisoma prufu, karatasi za kusahihisha kabla ya kuchapa, za ukurasa huu?"

Mkono mmoja ukapanda juu. Nikautazama, nikamwonea huruma mwenye nao. Halafu nikaitambua saa iliyokuwa kwenye kile kifundo. Ilikuwa saa yangu.

"Simama," akasema Msimamizi. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Ya puani ilisoma karatasi, ya kichwani ilitisha watu. "Unaitwa nani?"

"Wananiita Koma."

"Koma ya kuandika au koma ya kukatazwa?"

"Zote mbili, Bibi Msimamizi. Kazini ya kuandika, nyumbani ya kukatazwa."

Ukumbi ukacheka. Mimi nami nikacheka, maana nilikuwa bado sijaelewa kwamba nazikwa.

Kwa aliyechelewa, ngoja nimvushe haraka. Jimbo letu lina wagombea wawili. Wa kwanza ni Mheshimiwa, mbunge wetu wa miaka kumi na tano, mtu wa tabasamu pana na ahadi pana zaidi. Wa pili ni fundi cherehani wa mtaa wetu, mama wa maneno machache na mkasi mkali, ambaye pia, kwa bahati yangu mbaya na nzuri, ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe hakuingia siasa kwa kupenda makofi. Aliingia kwa sababu ya zahanati. Zahanati yetu ina paa, ina bango, ina kitanda na ina kufuli. Haina muuguzi. Mheshimiwa ameizindua mara tatu, na utepe wa kuzindulia mara zote tatu kaushona mama mkwe. Mara ya tatu alimkabidhi utepe akamwambia, "Mheshimiwa, mteja wangu akijikata na mkasi kule dukani, napanda naye pikipiki mpaka jimbo la jirani akashonwe. Mimi fundi naona aibu." Mheshimiwa akacheka, akakata utepe, akaondoka. Kesho yake mama mkwe akachukua fomu.

Sasa kura. Masanduku yote yamejumlishwa, limebaki moja. Mheshimiwa ana kura elfu sita mia mbili na nne. Mama mkwe ana elfu sita mia mbili na moja. Tofauti ni tatu tu, unaweza kuzihesabu na mkono ukiwa umeshika kikombe.

Sanduku lililobaki ni la lango la shule. Lina kura kumi na tisa: kumi na mbili za mama mkwe, saba za Mheshimiwa. Likijumlishwa, mama mkwe anashinda kwa kura mbili. Likiachwa, Mheshimiwa anashinda kwa kura tatu, na muuguzi tutamsubiri miaka mitano mingine.

Swali likawa moja: lile sanduku ni la jimbo letu au la jimbo la jirani?

Na hapo ndipo Gazeti la Serikali lilipotolewa, na hapo ndipo mkono wangu ulipopanda.

"Soma hapa," Msimamizi akanipa ukurasa. "Kwa sauti."

Nikasoma. "Mpaka wa jimbo utaanzia mashine ya kusaga, utafuata barabara mpaka shule."

"Miaka yote umekuwa unasomekaje?"

Nikameza mate. "Utafuata barabara mpaka mpaka wa shule."

Ukumbi ukanung'unika kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Kila mtu alielewa. Shule yetu ina uzio, ndani ya uzio kuna uwanja mkubwa, na katikati ya uwanja kuna madarasa. Ukisema "mpaka mpaka wa shule", jimbo la jirani linafika kwenye uzio, linasimama, linageuka na heshima zake. Ukisema "mpaka shule", jimbo la jirani linapita langoni bila kupiga hodi, linakatiza uwanja wa mpira na kugonga kichwa kwenye ukuta wa darasa la kwanza. Na kibanda cha lango, kilichokuwa kituo cha kura, kinakwenda nalo.

"Neno la pili limekwenda wapi?" Msimamizi akauliza.

"Nililifuta."

"Kwa nini?"

"Niliona mpaka, halafu nikaona tena mpaka. Nikadhani mashine imeshikwa na kigugumizi."

"Na 'wa' nayo?"

"Hiyo si mimi. Fundi wa kupanga kurasa aliikuta 'wa' imebaki peke yake kama yatima. Akaiondoa kwa huruma."

Mheshimiwa alikuwa ameshasimama. Suti ya kijivu, leso mfukoni, mkewe pembeni yake safu ya mbele na mkoba mkubwa mapajani. "Bibi Msimamizi," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzindua vitu, "kabla hujayaamini maneno ya huyu bwana, muulize kamuoa nani."

"Umemuoa nani?"

"Binti yake mgombea," nikasema, nikimwonyesha mama mkwe kwa kidevu, maana kidole kwa mkwe si adabu.

"Sasa mnaona," Mheshimiwa akaugeukia ukumbi. "Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Leo mkwe anakumbuka kwamba kulikuwa na neno. Kesho atakumbuka kwamba kulikuwa na sanduku lingine."

"Mama," Msimamizi akamgeukia mama mkwe, "huyu ni mkweo kweli?"

Mama mkwe akanitazama kutoka juu mpaka chini, kama kitambaa alichouziwa gizani.

"Ni wangu," akasema. "Nilimpa binti yangu kwa sababu alisema kazi yake ni kuondoa makosa. Hakuniambia anayapeleka wapi."

Ukumbi ulicheka mpaka feni mbovu ikazunguka mara moja.

Msimamizi akagonga meza. "Maneno ya mkwe siyataki. Nataka karatasi. Ile prufu uliyoifuta kwa kalamu, iko wapi?"

"Kiwandani tunakochapa Gazeti," nikajibu kwa kifua mbele. "Sisi hatutupi karatasi."

Msomaji wangu, katika sentensi zote nilizowahi kuzipitisha bila kuzikagua, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

"Sasa ni saa tisa," Msimamizi akasema. "Saa kumi kamili natangaza mshindi. Ukiwa umerudi, umerudi."

Nilikimbia. Mtu wa miaka arobaini na tatu, tumbo la kukaa kitini, kalamu nyekundu bado imechomekwa sikioni. Nikaingia kiwandani nikihema, nikamkuta fundi wa kurasa amelala juu ya bunda la karatasi, amejifunika kalenda ya mwaka jana.

"Prufu za mipaka ya majimbo," nikamtikisa. "Ziko wapi?"

"Rafu ya chini," akasema bila kufumbua macho.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikapata vumbi, ndala moja, na risiti ya redio ambayo tuliizika zamani. Prufu hakuna.

"Hazipo."

"Basi zimechukuliwa."

"Na nani?"

Akafumbua jicho moja. Ni jicho la mtu mpole, lakini siku ile lilinichoma. "Koma, wewe kila Ijumaa unatoka hapa na mzigo wa karatasi kwapani. Sisi tunasema, jamaa anapenda kazi, anakwenda kusomea nyumbani."

Nikaiangusha ile ndala.

Siendi kusomea nyumbani. Nazipeleka ukweni. Karatasi za prufu ni pana, ngumu kiasi, nyeupe upande mmoja, na hakuna kitu fundi cherehani anachokipenda zaidi kukatia paterni, vile vielelezo vya kukatia nguo. Miaka sita nimekuwa mkwe mwema kwa karatasi hizo. Zawadi isiyo na gharama, na mama mkwe huipokea kwa mikono miwili.

Nikageuka, nikakimbia tena.

Dukani nilimkuta mke wangu kwenye cherehani ya mamake, pini mdomoni, anapinda pindo la gauni. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Hata sijui zilipita njia gani, maana mimi nilikatiza.

"Nimesikia umenyoosha mkono," akasema kupitia pini.

"Paterni ziko wapi?"

"Nilimwambia mama. Nilimwambia, huyu mwanaume ukienda naye huko asikae karibu na kipaza sauti."

"Hata sikuwa karibu. Paterni ziko wapi?"

"Za nani?"

"Zote."

Akaonyesha ukutani. Paterni zilikuwa zimening'inizwa kwenye misumari, moja moja, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki ya bluu. Nikaanza kuzisoma kwa mbele na kwa nyuma. Nchi nzima ilikuwa pale ukutani, imekatwakatwa. Jimbo la ziwani limekuwa kola ya mwalimu mkuu. Majimbo mawili ya milimani yamekuwa mifuko. Jimbo moja kubwa, ambalo wabunge wake hugombana kila mwaka, lilikuwa mkono mmoja wa gauni la mjamzito, na bado lilibaki la kukunja.

"Unatafuta nini hasa?" mke wangu akatema pini.

"Jimbo letu."

"Limevaliwa na nani?"

Nililitafuta mikononi, nikalitafuta mabegani, nikalitafuta viunoni. Msumari wa mwisho, nyuma ya mlango, ulikuwa na vipande viwili vikubwa vya mviringo. Chaki ya bluu ilisema: MHESHIMIWA, SURUALI, SUTI YA KUAPIA.

Aliiagiza kabla mama mkwe hajachukua fomu. Na mama mkwe, fundi mwaminifu, alikata paterni ya mpinzani wake hata hivyo.

Nikavigeuza vile vipande. Mashine ya kusaga ilikuwepo. Barabara ilikuwepo. Kipande cha kushoto kiliishia kwenye neno "mpaka". Kipande cha kulia kilianza na neno "mpaka", limepigwa mstari mwekundu wa mkono wangu mwenyewe, likifuatwa na "wa shule". Mkasi wa mama mkwe ulikuwa umepita katikati ya mpaka na mpaka, bila kugusa hata herufi moja.

Jimbo letu, msomaji, lilikuwa makalio ya Mheshimiwa.

"Nimepata," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango.

"Beba zote mbili. Na usizikunje, mama hapendi paterni ikunjwe."

"Jimbo linaondoka, wewe unaniambia habari za kukunja?"

"Jimbo likiondoka," mke wangu akarudisha pini mdomoni, "mteja amebaki."

Nikarudi mbio, tako la kulia nimeliinua kwa mkono wa kulia, la kushoto kwa mkono wa kushoto, upepo ukinipeperusha kama tiara. Watu walinipisha njia. Sijawahi kupishwa njia namna ile maishani mwangu.

Saa kumi kasoro dakika saba nilikuwa mbele ya meza kuu.

Msimamizi akashusha miwani ya kichwani, ikakaa juu ya ile ya puani. "Hii ni nini?"

"Prufu."

"Naona suruali."

"Ni prufu ya suruali, Bibi Msimamizi."

Mama mkwe akanyanyuka bila kuitwa. Akachukua vipande, akavilaza mezani, akavisogeza taratibu mpaka kingo zikabusiana, akachomeka pini tatu. Kazi ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Mheshimiwa alikuwa ameinama kuchungulia. Uso ukambadilika. "Hiyo ni suruali yangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema mama mkwe. "Kiuno arobaini na nne."

"Tulikubaliana arobaini."

"Wewe ulikubali. Kiuno kilikataa."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mke wa Mheshimiwa. Alijificha nyuma ya mkoba, lakini mabega yalimsaliti.

Msimamizi akasoma kwa kidole, akivuka ule mshono wa karatasi. "Utafuata barabara mpaka... mpaka wa shule." Akarudisha kidole nyuma. Akasoma tena. "Ni kweli. Maneno yalikuwa mawili."

Watu wa mama mkwe wakashangilia. Mtu fulani akanipiga begani, mwingine akanipa maji. Nikawa shujaa kwa muda wote wa kumeza funda moja.

"Vizuri sana," Mheshimiwa akasema. Tabasamu lilikuwa limemrudia, pana kama bango la zahanati. "Nimefurahi sana ukweli umejulikana. Sasa Bibi Msimamizi, tafadhali fungua ukurasa wa mwisho wa gazeti hilohilo. Kifungu cha chini kabisa, cha herufi ndogo."

Msimamizi akafungua. Akasoma, sauti ikizidi kushuka. "Ikitokea tofauti kati ya prufu na kilichochapishwa, kilichochapishwa ndicho kitakachofuatwa mpaka kitakaporekebishwa na toleo lingine."

Aliyenipa maji akaichukua glasi yake.

"Na hiki," Msimamizi akanigeukia polepole, "kilisomwa na nani?"

Safari hii nilikuwa nimeikalia mikono yote miwili. "Hicho nilikiacha kama kilivyo."

"Hapo ndipo ungefuta," akasema mama mkwe.

Msimamizi akavua miwani zote mbili na kujifinya pua. "Mimi sina la kufanya. Sheria ni hii iliyochapishwa. Mpaka ni mmoja. Sanduku la langoni ni la jimbo la jirani, halihesabiwi hapa." Akashika kipaza sauti. Wapambe wa Mheshimiwa wakasimama juu ya viti. "Kwa hiyo mshindi, kwa tofauti ya kura tatu, ni..."

"Samahani, Bibi Msimamizi." Ni mama mkwe. Hakupaza sauti, lakini watu wakashuka vitini. "Kabla hujataja jina, nina swali dogo kwa Mheshimiwa. Swali la fundi tu. Nataka kujua kitambaa kinakatwa wapi."

"Uliza, mama yangu, uliza," Mheshimiwa akafungua mikono. Mtu aliyeshinda huwa mkarimu. "Mimi ni mtu wa watu."

"Jimbo la jirani linafika wapi?"

"Mpaka shule. Imeandikwa."

"Mpaka kwenye uzio?"

"Aa, mama. Uzio tumeshauruka. Mpaka kwenye ukuta wa madarasa."

"Kwa hiyo kibanda cha lango ni cha jirani."

"Cha jirani."

"Na uwanja wa mpira?"

"Na magoli yake yote mawili."

"Hakuna kinachobaki kwetu kati ya uzio na ukuta?"

"Hata jani moja la nyasi."

"Na ile nyumba ya bati jekundu," akauliza mama mkwe, "nyuma ya goli la kushoto, ni ya jimbo gani?"

Feni nzima ikasikika. Hata ile mbovu nadhani ilisikika.

Nyumba ya bati jekundu kila mtu anaijua. Ilijengwa miaka tisa iliyopita ndani ya uwanja wa shule. Mheshimiwa aliwaambia walimu ni stoo ya muda ya madawati. Ni stoo ya vyumba vitatu, yenye baraza, mapazia na dishi la televisheni. Dawati hata moja halijawahi kulala humo. Mheshimiwa analala humo kila siku.

Msimamizi alirudisha miwani ya puani, akafunua kitabu cha sheria ya uchaguzi, kidole kikateremka. "Kifungu cha nne. Mgombea sharti awe mkazi wa jimbo analogombea, la sivyo ushindi wake ni batili."

"Hicho pia nilikisoma mimi," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza. "Kimenyooka."

"Koma," akasema mama mkwe. Sijui alikuwa ananiita au ananikataza. Akamgeukia Mheshimiwa. "Mimi sina haraka. Mpaka ukiwa mmoja, sanduku linakwenda kwa jirani, na nyumba yako inalifuata, na wewe umo ndani ya nyumba. Mipaka ikiwa miwili, nyumba inabaki kwetu, na sanduku linabaki nayo, na mimi nimekupita kwa kura mbili. Niambie nikate wapi."

Leso ya Mheshimiwa ikatoka mfukoni, ikapita kwenye paji la uso, ikapita shingoni, ikarudi mfukoni imelowa. Macho yakaenda kwa wapambe. Wapambe wakakumbuka kuangalia simu zao.

Halafu, msomaji wangu, nikaliona tabasamu linarudi. Lilianzia kona moja ya mdomo, likatambaa taratibu mpaka ya pili. Mtu wa miaka kumi na tano bungeni huwa haishiwi milango, akifungiwa wa mbele hutafuta wa jikoni.

"Bibi Msimamizi," akasema, "watu wanachanganya mambo. Ile nyumba si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Nikamtazama mkewe. Alikuwa ameacha kucheka.

"Ni mali yake," Mheshimiwa akaendelea, sauti inapata nguvu. "Mimi pale ni mgeni. Napita kusalimia. Makazi yangu halisi ni kwa mama yangu mzazi, karibu na mashine ya kusaga, upande wetu kabisa. Godoro langu liko kule."

"Godoro la tangu uko shule?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Godoro ni godoro."

Msimamizi akafikiri. "Unaweza kuyaandika hayo?"

"Hata sasa hivi."

Akasogezewa karatasi. Akajipapasa, hana kalamu. Wapambe wakajipapasa, hawana. Ukumbi mzima ukakosa kalamu ghafla, isipokuwa mjinga mmoja aliyekuwa nayo sikioni, na ambaye, kwa mazoea ya kazi, aliichomoa na kuitoa kabla ubongo haujampa ruhusa.

Mama mkwe aliniona nikiitoa. Sitaisahau ile sura.

Mheshimiwa akaandika kwa wino mwekundu, Msimamizi akimtajia. "Natamka kwamba nyumba ya vyumba vitatu, bati jekundu, iliyo ndani ya uwanja wa shule, ni mali ya mke wangu peke yake. Mimi sina sehemu humo wala makazi."

"Makazi ni kwa zeti, si kwa esi," nikasema juu ya bega lake. Akasahihisha.

Ikabaki saini. Saini ile ikianguka, kila kitu kinakaa sawa: mpaka mmoja, sanduku kwa jirani, nyumba kwa jirani, Mheshimiwa kwa mama yake, na ushindi wa kura tatu mkononi. Mama mkwe akakaa kitini. Tangu nimjue, sijawahi kumwona amekaa bila kitu mikononi, hata uzi.

"Bibi Msimamizi, naomba kuuliza."

Alikuwa mke wa Mheshimiwa. Alishasimama, mkoba kwapani.

"Uliza, mama."

"Hiyo karatasi ikishasainiwa, mimi napata nakala?"

"Umetajwa humo. Ni haki yako."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

"Wa serikali kabisa?"

"Mama, mimi sina muhuri mwingine."

"Basi asaini," akasema. Akasogea mezani, akafungua mkoba, akautega wazi mbele ya mumewe kama mtu anayekinga maji ya mvua. "Na funguo atie humu. Watu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni ana miaka tisa, na hata ufagio hajaushika."

Ukumbi haukucheka. Watu wa nyuma wakapanda viti ili waone.

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa hewani, nusu kidole kutoka kwenye karatasi. Mheshimiwa akamwinamia mkewe na kunong'ona. Alisahau tu kwamba kipaza sauti cha Msimamizi kilikuwa katikati yao, na hakijazimwa.

"Mama watoto," kikanong'ona kipaza sauti kwa watu mia nne, "usiniaibishe. Hii ni siasa tu. Hebu kaa. Tutaongea nyumbani."

Mkewe hakukaa. Mkoba ulibaki wazi.

"Nyumbani kwa nani?"